Kumaliza chuo siyo kuwa mwalimu: nani anamruhusu nani kushika chaki

Muulize mzazi wa Igoma, Mwanza, mwanawe anayesomea ualimu atakuwa mwalimu lini, atakujibu: akimaliza chuo. Muulize kijana mwenyewe, atasema: nikipata ajira. Ofisa wa wizara atasema: akisajiliwa. Na mwalimu mkuu ambaye darasa lake la kwanza limejaa watoto hadi dirishani, kama ni mtu wa kusema kweli, atasema: ngoja tufike mwezi wa tatu.

Hakuna aliyekosea hapo, kwa sababu Tanzania haina siku moja wala ofisi moja inayomfanya mtu kuwa mwalimu. Kuna kufuzu, kuna kuruhusiwa, kuna kuajiriwa na kuna kuthibitishwa. Mambo manne, yenye sheria tofauti na wenyewe tofauti. Vijana wengi wa Kanda ya Ziwa wanaohangaika na makaratasi wametimiza moja wakadhani wamemaliza yote. Nitayatenganisha hapa moja baada ya jingine, ingawa kwa maoni yangu kiini cha jambo hakiko chuoni wala ofisini. Kiko kwenye zile wiki chache za mazoezi ya kufundisha, na hapo nitakaa zaidi.

Kufuzu

Mahali pa kusomea si tatizo kwetu. Mjini Mwanza kuna Chuo cha Ualimu Butimba, cha serikali, kinachojulikana nchi nzima kwa sanaa, muziki na michezo. (Ukimwambia mtu wa hapa "nimetoka Butimba", malizia sentensi haraka, maana gereza nalo liko hukohuko.) Ng'ambo ya maji, Ukerewe, kuna Chuo cha Ualimu Murutunguru. Malimbe kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, kilichoanza 1998 juu ya msingi wa taasisi ya zamani ya Nyegezi, na ukipita pale asubuhi utakutana na kundi kubwa la wanaochukua shahada ya elimu. Wengine huenda Bunda au Tarime mkoani Mara, au Katoke mkoani Kagera.

Jambo la kwanza la kujua ni nani anakutahini. Anayesoma chuo cha ualimu hufanya mtihani wa mwisho wa Baraza la Mitihani, NECTA, walewale waliomtahini darasa la saba na kidato cha nne. Mkufunzi wako hawezi kukufaulisha, hata akikupenda vipi. Chuo kikuu kinatahini chenyewe, ila programu zake lazima ziwe zimeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kwa anayetaka chuo cha ualimu cha binafsi, kabla ya kulipa hata shilingi, atazame kama kimesajiliwa na NACTVET. Bango zuri barabarani halithibitishi usajili.

La pili ni ngazi. Kwa miaka mingi mwalimu wa shule ya msingi alikuwa wa astashahada, ile ambayo watu wazima bado wanaiita Daraja A: kidato cha nne, kisha miaka miwili chuoni. Stashahada ilichukua waliomaliza kidato cha sita, na shahada miaka mitatu chuo kikuu. Kwenye muundo wa utumishi ngazi hizo zina majina yake: Mwalimu Daraja la IIIA ni wa astashahada, IIIB wa stashahada, IIIC wa shahada, na mishahara yao huanzia TGTS B, C na D kwa mpangilio huohuo. Usichanganye herufi za daraja na za mshahara. Kuna vijana wanajaza "Daraja A" kwenye fomu wakidhani ndiyo alama ya juu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, inasukuma kiwango cha chini cha mwalimu kuelekea stashahada. Hata kabla ya hapo serikali ilikwisha kudai ufaulu wa daraja la kwanza hadi la tatu kwa anayeingia chuo cha ualimu. Zile siku za "amefeli, apelekwe ualimu" zimekwisha kwenye karatasi. Midomoni kwa watu bado zipo.

Na kuna uamuzi ambao vijana huufanya kwa haraka kupita kiasi: masomo mawili ya kufundishia. Anayechagua fizikia na hisabati na anayechagua historia na Kiswahili watatoka chuo kimoja siku moja, wakae kwenye foleni mbili za ajira zenye urefu tofauti kabisa. Sisemi mtu aache Kiswahili. Nasema ajue anaingia foleni ipi kabla hajajaza fomu.

Musoma 1974, na kilichofuata

Huwezi kuelewa kwa nini suala la leseni limetufikia kwa kuchelewa bila kwenda Musoma. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huo wa ufukweni na kupitisha Azimio la Musoma: kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Lengo lilikuwa zuri, ila walimu hawakuwepo. Vyuo vilivyokuwapo visingeweza kutoa idadi hiyo hata vingefundisha usiku na mchana. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha kijijini sehemu ya siku na kusomea ualimu sehemu nyingine, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowazungukia, kwa miaka mitatu. Wazee wetu wanawaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Wapo waliokuwa hodari kuliko wenye vyeti vikubwa, na wapo ambao hesabu za darasa la sita ziliwashinda wao wenyewe.

Ikapita miaka zaidi ya ishirini na tano, hadithi ikajirudia. Ada ya shule za msingi ilifutwa, ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa 2002 hadi 2006, watoto wakafurika. Mafunzo ya miaka miwili yakakatwa: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja shuleni ukifundisha. Kuanzia 2004 ukaja mpango wa sekondari, MMES, shule za kata zikaota kila kona, na wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache wakaingia darasani. Mtaani wakabatizwa jina la Voda Fasta, huduma ya simu ya kuongeza salio chapchap. Lilikuwa jina la dhihaka, na lilikuwa uonevu kiasi, kwani vijana wale hawakujiita wenyewe. Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza hadi kidato cha nne, chini ya Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na madarasa yakajaa tena.

Kila nchi inapoamua kuingiza watoto wengi kwa mkupuo, kigezo cha mwalimu ndicho kinachoshushwa kwanza, kisha miaka kumi inatumika kukirudisha juu. Serikali iliyobanwa na idadi haiwezi kuwa mlinzi mkali wa mlango uleule inaotaka watu wapite kwa wingi. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kuwa na chombo cha taaluma kilicho kando ya mwajiri. Madaktari wana baraza lao. Wahandisi wana bodi. Wahasibu wana NBAA. Walimu, kundi kubwa kuliko yote hayo, sheria ya bodi yao imepatikana 2018.

Leseni ya 1978 na leseni ya 2018

Hapa ndipo watu wanapopotezana. Sheria ya Elimu Namba 25 ya 1978 inasema mtu asifundishe shuleni bila kusajiliwa kuwa mwalimu au kuwa na leseni ya kufundisha, na mwenye mamlaka hayo ni Kamishna wa Elimu. Angalia neno "au". Katika sheria hiyo, aliyesomea ualimu anasajiliwa. Leseni ni ya asiyetimiza sifa za kusajiliwa: mhitimu wa kidato cha sita, au mwenye shahada ya uchumi anayetakiwa kufundisha hisabati kwa sababu hakuna mwingine. Ni kibali cha muda, chenye tarehe ya kuisha. Walimu wa Voda Fasta walipita kwenye mlango huo. Kwa hiyo kwa mtu aliyezoea mfumo wa zamani, "mwalimu wa leseni" ni mwalimu pungufu.

Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya 2018 inaligeuza jambo. Chini yake leseni ni heshima ya mwanataaluma aliyekamilika: umesoma, umesajiliwa na Bodi, na Bodi inaweza kukunyang'anya ukivunja maadili. Inamgusa mwalimu wa umma na wa binafsi pia. Hilo la pili ndilo kubwa, kama nitakavyoeleza.

Ndiyo maana ukisikia mwalimu mkongwe wa Sengerema anakasirika kwamba "baada ya miaka thelathini wanataka nitafute leseni", usimwone mkaidi. Ana leseni ya 1978 kichwani, na kwa maana hiyo kweli ametukanwa.

Tume siyo Bodi, na Bodi siyo chama

Tume ya Utumishi wa Walimu iliundwa kwa sheria ya 2015 na kuanza kazi 2016, na ina ofisi hadi wilayani. Kazi yake ni utumishi: kuthibitisha walimu kazini, kupandisha vyeo, kusimamia nidhamu, kutunza majalada. Lakini inahusika na walimu wa shule za msingi na sekondari za umma tu. Mwalimu wa shule binafsi ya Kiingereza pale Pasiansi au Nyakato hana jalada huko. Akimpiga mtoto au akikutwa na cheti cha kughushi, mwajiri wake atamfukuza, polisi watafanya lao, na baada ya muda anaweza kuibuka shule nyingine upande wa pili wa ziwa akiwa na barua mpya ya maombi. Mwanya huo ndio Bodi ilikusudiwa kuuziba, kwa kuwa na rejista moja ya walimu wote bila kujali nani anawalipa.

Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilichoundwa 1993, ni jambo jingine kabisa. Ni chama cha wafanyakazi. Kinatetea mishahara, malimbikizo na uhamisho, na makato yake ya asilimia 2 ya mshahara kila mwalimu anayajua kuliko anavyojua sheria yoyote. Chama hakikupi ruhusa ya kufundisha na hakiwezi kukuzuia. Kusimamia taaluma na kutetea mtumishi ni kazi zinazogongana: siku mwalimu ameshtakiwa, mmoja anapaswa kukaa upande wa mtoto na mwingine upande wa mwalimu. Kuziweka chini ya kofia moja kungewapunja wote wawili.

Linganisha na jirani zetu wa upande wa pili wa ziwa. Kisumu, mwalimu anashughulika na Tume ya Kuajiri Walimu ya Kenya, ambayo ipo tangu 1967 na sasa imetajwa kwenye katiba ya 2010. Tume hiyohiyo inasajili na kuajiri, na hata anayefundisha shule binafsi anatakiwa awe na namba yake. Ni rahisi kuelewa. Ubaya wake ni kwamba mwajiri na msimamizi wa taaluma wanakuwa mtu mmoja. Sisi tumechagua kutenganisha, kwa hiyo tuna ofisi nyingi zaidi na mkanganyiko zaidi, na malalamiko ya walimu kuhusu vyombo na ada hayajaanza leo. Binafsi naona kutenganisha ni sahihi zaidi, mradi Bodi iwe na meno na isigeuke dirisha jingine la kulipia.

Mazoezi ya kufundisha

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwalimu tarajali, yaani anayesoma kabla ya kuajiriwa, hupelekwa shuleni kwa wiki kadhaa kufundisha wanafunzi halisi. Vyuoni wanayaita BTP, kifupi cha Kiingereza cha Block Teaching Practice. Chuo kikuu hufanyika mwaka wa masomo unapoisha. Ni sehemu pekee ya mafunzo yote ambapo swali "anaweza?" linapata jibu. Mitihani mingine yote inauliza "anajua?".

Angalia anachotakiwa kubeba. Kuna azimio la kazi, linaloonyesha muhula mzima utafundishwa nini wiki gani. Kuna andalio la somo, la kila kipindi, lenye tarehe, muda, idadi ya wanafunzi waliosajiliwa na waliohudhuria, umahiri unaokusudiwa, kisha hatua: utangulizi, ujenzi wa maarifa mapya, uimarishaji, tathmini, na mwishoni maoni ya mwalimu kuhusu somo lilivyokwenda. Kuna zana, na kuna shajara la somo la kujaza. Mkufunzi anapokuja kukagua hukaa nyuma ya darasa na fomu yake, akimaliza anakuita chini ya mwembe na kukueleza.

Ukitaka kumpima tarajali haraka, usisome utangulizi wa andalio lake. Nenda moja kwa moja kwenye ile sehemu ya maoni. Wengi huandika "somo lilieleweka vizuri" kwa vipindi vyote vya mwezi mzima. Anayeandika "wanafunzi wa safu mbili za nyuma hawakuweza kutoa kwa kukopa, kesho nianze na vijiti" huyo ameshaanza kuwa mwalimu, hata kama mwandiko wake ni mbaya. Viwango vya kitaaluma vya ualimu popote duniani, ukiondoa maneno makubwa, vinarudi hapo: kumjua mtoto aliye mbele yako, kuona alipokwama, na kubadilisha utakachofanya kesho.

Zana nazo zinachekesha. Tarajali anatoka Malimbe na manila zilizochorwa kwa rangi sita, kazi ya usiku kucha, halafu anafundisha vipimo vya uzito kwenye shule iliyo hatua chache kutoka mwalo wa dagaa. Kwenye mwalo kuna mizani, ndoo, na bei zinazobadilika kila asubuhi, na nusu ya watoto wale wanajua kupima na kukadiria kabla hawajajua kuandika tarakimu. Manila haina ubaya. Lakini mkufunzi anayempa alama nyingi mwenye manila na kumnyima aliyeleta mizani ya mama wa mtoto mmoja, anafundisha jambo baya bila kujua.

Na kuna lugha. Mtoto wa Kwimba au Misungwi vijijini anaingia darasa la kwanza na Kisukuma, Kiswahili chake kikiwa cha kuokoteza. Ukara atakuja na lugha ya kisiwani kwao. Mwalimu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, anamfundisha kusoma kwa lugha ambayo bado anajifunza kuisema. Hili halitokei kwenye mtihani wa NECTA kwa namna yoyote ya maana. Linatokea siku ya pili ya mazoezi, na tarajali ambaye hajaandaliwa hukimbilia kuwaimbisha watoto ubaoni kwa pamoja "ba, be, bi, bo, bu" hadi kengele ilie, akidhani wamesoma.

Tatizo ni nani anamlea katika wiki hizo. Mkufunzi ana tarajali waliotawanyika shule nyingi. Anapita mara chache, anakagua, anaondoka. Anayebaki naye ni mwalimu mwenyeji. Uwiano unaotakiwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na 25 kwa elimu ya awali. Mwalimu mwenye watoto mara mbili au tatu ya hao anapoletewa tarajali, anachokiona ni mapumziko yaliyoteremshwa na Mungu. Anamkabidhi chaki na daftari la mahudhurio, anakwenda ofisini kusahihisha yale yaliyolundikana, na sina moyo wa kumlaumu. Hapewi muda kwa ulezi huo, hapewi mafunzo ya ulezi huo, na mara nyingi hapewi hata shukrani. Kwa hiyo wiki ambazo zilipaswa kuwa za kuangaliwa na kusahihishwa zinakuwa wiki za kujifundisha mwenyewe peke yako mbele ya watoto mia. Wanaotoka salama ni wale ambao wangetoka salama hata hivyo.

Daktari anayetoka chuoni hafungui kliniki. Anakaa mwaka mzima hospitali kama Bugando chini ya wakubwa zake, akiulizwa kila anachofanya. Mwalimu anaachiwa darasa siku ya kwanza. Kama kuna fedha ya kupandisha kiwango cha ualimu nchi hii, mimi ningeiweka kwa mwalimu mwenyeji kabla ya kuiweka kwenye mashine ya kuchapa leseni: mpunguzie vipindi, mfundishe kulea, mlipe posho, na maoni yake yawe na uzito uleule wa alama za mkufunzi.

Ajira na vyeti vyake

Miaka ya nyuma mhitimu alikuwa akisubiri tangazo la TAMISEMI na kupangiwa kituo. Sasa maombi ya walimu yamehamia kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Ajira Portal, na kuna usaili. Waliotangaziwa nafasi 2024 walifanyiwa usaili huo mapema 2025. Wapo wahitimu walioona ni dharau: nimeshatahiniwa na NECTA, unanitahini nini tena? Jibu ni lilelile la mwanzo wa makala haya. NECTA ilithibitisha kuwa umefuzu. Mwajiri anachagua nani amchukue kati ya waliofuzu, na waliofuzu ni wengi kuliko nafasi.

Kinachowaangusha wengi hata kabla ya usaili ni vyeti. Matangazo husema wazi kwamba hati ya matokeo na matokeo ya muda havikubaliwi. Kinatakiwa cheti chenyewe, kilichothibitishwa na mwanasheria, pamoja na cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Kisha majina. Kwetu huku mtoto anaandikishwa darasa la kwanza kwa jina la utani la babu, kidato cha nne anajaza jina la ubatizo, NIDA inamwandika kwa jina la ukoo. Majina matatu, mtu mmoja, na mfumo unaona watu watatu. Tengeneza hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, kadiri hali yako inavyohitaji, wakati bado uko chuoni. Usisubiri tangazo litoke ndipo upange foleni kwa wakili wa Makoroboi pamoja na wenzako wote.

Na usijaribu cheti cha mtu mwingine. Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika na vyeti vya kughushi, na waliondolewa kazini. Baadhi ya watu hao walikuwa wamefanya kazi miaka mingi.

Ukishapanda kivuko

Barua ya kupangiwa kituo ikisoma Ukerewe, unaripoti kwa mkurugenzi wa halmashauri pale Nansio na vyeti halisi mkononi, kisha ndipo unapangiwa shule, ambayo inaweza kuwa kisiwa kingine tena. Hapo umeajiriwa, lakini bado uko kwenye majaribio ya miezi 12. Kuthibitishwa hakuji kwenyewe kwa sababu mwaka umepita. Mwalimu mkuu anatoa maoni, mambo yanapanda hadi Tume, na jalada lisilo na nakala ya kitu fulani linakaa kabatini. Bila kuthibitishwa, cheo hakisogei. Utendaji wako nao unapimwa kwenye mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS, na kisiwani kujaza mfumo wa mtandaoni maana yake mara nyingine ni kupanda jiwe linaloshika mawasiliano.

Katika mwaka huo huo wa majaribio ndipo maadili yanapoacha kuwa somo la chuoni. Kanuni za 2002 zinaruhusu adhabu ya viboko kwa masharti makali: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na iandikwe kitabuni. Mwalimu mpya asiye na idhini ya maandishi anayeshika fimbo, hata moja, amekwisha kuvunja kanuni. Msiba wa Bukoba wa Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano alipofariki baada ya kuchapwa shuleni na kesi ya mauaji kufika Mahakama Kuu, unapaswa kufundishwa kila chuo cha kanda hii kwa jina lake. Kuhusu mahusiano na wanafunzi sheria haina mazungumzo: tangu marekebisho ya 2016, kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30.

Baada ya hapo kuna kujiendeleza, na hapa mambo yamekuwa bora kuliko zamani. Kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo msingi wake ni walimu wa shule moja au kata moja kukaa pamoja na kujadili mada iliyowashinda, badala ya mmoja kuitwa semina ya mjini na kurudi na begi. Yanapofanyika kweli yanazaa matunda; yanapofanyika kwa kusaini mahudhurio ni chai na mandazi tu.

Wengi pia wanasoma shahada wakiwa kazini, hasa Chuo Kikuu Huria. Kabla hujaanza omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, na uhakikishe nakala imeingia kwenye jalada lako. Ukihitimu, mshahara hauhami TGTS C kwenda D kwa sababu umevaa joho. Unatakiwa kubadilishiwa muundo, na ofisi ya kwanza unayokwenda itakuuliza kwanza barua ile ya ruhusa.